Mtume wa Akiba

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na saba ya mwezi wa sita, saa nne kasoro robo asubuhi, chungu cha nne kikiwa motoni. Naitaja hata saa, kwa sababu wakubwa walipoandika habari zangu waliandika "siku moja". Siku moja, basi. Kama vile siku ni mbuzi wa mnadani, yeyote anafaa. Ilikuwa Jumanne. Jumatano ndiyo tuliyopanga, mimi na mke wangu Damari, tuvuke kilima twende kwa daktari wa kifua, maana alikuwa anakohoa tangu mvua za kwanza na kikohozi kilikuwa kimeanza kutoka na damu.

Sisi tulikuwa wapika chumvi. Mji wetu siutaji jina, kwa sababu kila nikilitaja nakuta limebadilika. Zamani palikuwa na ziwa. Likaondoka, wengine wanasema lilifukuzwa, likaacha uwanda mweupe unaoumiza macho. Unachota udongo wa uwanda ule, unautia kwenye kapu, unaumwagia maji, yanachuja tone tone mpaka mtungini, na maji hayo ndiyo unayoyapika kutwa nzima mpaka yakubali kuwa chumvi. Kuni na moto vilikuwa vyangu. Udongo ulikuwa wa Damari. Alikuwa anachota kidogo kwa ncha ya kidole, anaweka ulimini, anafumba macho, kisha anasema: "Hapa hamna kitu. Sogeeni pale, hatua sita." Ukienda hatua sita, ipo. Sijapata kumwona akikosea. Watu wa mitaa mingine walikuja kuomba awaonjee udongo wao, na mimi ndiye niliyekuwa nawasikiliza uani, halafu naingia ndani kumwambia.

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akiita uani, anayetoka ni mwanamume wa nyumba. Hata kama anayetakiwa ni mke. Hata kama ni habari ya kuku wa mke. Mume anatoka, anasikiliza, anarudi na maneno. Hakuna aliyetufundisha, tulikuta baba zetu wanatoka, nasi tukatoka.

Siku hiyo sikumwona akija. Nilimwona amekwisha fika. Namwita Yule Aliyepita, kwa sababu majina mengine yote anayoitwa, wakubwa walimpa baadaye. Alikuwa amesimama barabarani, vumbi limempanda mpaka magotini, na nyuma yake watu kama kumi na kitu, wanaume mbele, wanawake wachache nyuma wamebeba vyombo. Hakuwa mrefu. Watu wanapenda kusema alikuwa mrefu. Aliitazama nyumba yetu kama mtu anayeangalia kama kuna mwenyewe, akainua mkono, akasema, "Njoo unifuate."

Damari akasema kutoka ndani, "Mwenzangu, kuna mtu anaita."

"Nimesikia."

"Anamtaka nani?"

"Wewe kaa ndani, moshi huu si wako. Nakwenda kumsikiliza."

"Na chungu?"

"Chungu nakiona."

"Unakiona sasa. Ukifika barabarani utakiona kwa kisogo?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Maneno ya mwisho niliyoambiwa na mke wangu ni utani. Nimekaa nayo miaka, nikiyageuza huku na huku, nikitafuta kama kuna jingine ndani yake. Hamna. Ni utani tu. Ndiyo maana yananiuma, kwa sababu mtu hamtanii mtu anayemuaga.

Nikaacha mwiko ndani ya chungu, nikatoka.

Sasa mtu atauliza: mzee mzima, mke mgonjwa, unaitwa na mgeni barabarani, unakwenda moja kwa moja? Ngoja niseme. Mimi nimesoma madarasa matatu, la nne nilichungulia dirishani. Ninachojua nilikisikia. Na tulichokuwa tunasikia sisi watu wa chumvi, mwaka baada ya mwaka, ni wasemaji wa Kumi na Wawili wakisimulia jinsi wale wa mwanzo walivyoitwa. Usiniulize ilikuwaje hadithi yao ikatufikia kabla mwenyewe hajapita. Katika nchi ile hadithi zilikuwa na miguu mizuri kuliko watu. Walisimulia hivi: ndugu wawili walikuwa wanatupa wavu, wakaitwa, mara hiyo hiyo wakauacha wavu. Wengine wawili walikuwa mashuani na baba yao, wakaitwa, wakamwacha mzee na mashua. Mmoja alikuwa mezani pa ushuru, akasimama, wino haujakauka. Mara hiyo hiyo. Hilo ndilo neno walilolipenda, walilitamka kama mtu anayepiga chapa. Mara hiyo hiyo. Hakuna aliyeuliza kitu. Hakuna aliyesema ngoja nivae, ngoja niage. Na sisi tuliokaa chini kwenye vumbi jeupe tukaelewa kwamba anayechelewa hata kwa pumzi moja amekwisha kukosa.

Nikiwa peke yangu sasa ndiyo naona walichokiruka. Wavu ule uliachwa majini au ulivutwa? Kama ulivutwa, nani aliuvuta? Yule mzee aliyebaki mashuani, alirudije pwani, na alipofika nyumbani mama watoto alipomuuliza, "Wako wapi?", alijibu nini? Na yule wa kwanza, mkubwa wao, wanasema mama mkwe wake aliugua homa akaponywa. Sawa. Mtu mwenye mama mkwe ana mke. Mke huyo yuko wapi katika hadithi? Jina lake nani? Mama ana homa, binti hana hata jina. Nimeuliza wasomi. Wamenitazama kama mtu aliyeuliza rangi ya punda katika kesi ya wizi wa punda. Lakini mimi ningemwuliza huyo mwanamke neno moja, na yeye angenijibu, kwa sababu yeye na Damari walikuwa upande mmoja wa mlango.

Basi nilitoka. Msafara ukaanza kutembea nami nikaingia katikati. Sikumwona tena uso Yule Aliyepita. Nilidhani yuko mbele. Baadaye nilisikia kwamba wa mbele walidhani yuko nyuma. Tulitembea hivyo siku nzima, kila mtu anamfuata mwenzake kwa heshima kubwa.

Tulifika kwenye nyumba yenye viti kumi na viwili. Kumi na kimoja vilikuwa na watu, kimoja kitupu, kimefunikwa kitambaa. Mlangoni alikaa katibu wao, Erasto, mtu mnene mwenye sauti laini, wa aina ile anayekukanyaga huku akikupa pole. Alikuwa na karatasi yenye mistari.

"Jina?"

"Yairo."

"Ndugu Yairo, karibu sana. Uliacha nini?"

"Sijaelewa."

"Kila aliyeitwa ameacha kitu. Wavu, mashua, meza. Tunaandika ili wa baadaye wajifunze. Wewe uliacha nini?"

"Chungu. Kiko motoni."

"Vizuri sana. Kiko motoni, hiyo itasomeka vizuri." Akaandika.

"Na mke wangu. Anaumwa kifua."

Kalamu ikasimama. "Ndugu yangu, hapa tunaandika vyombo."

"Nimemwacha na yeye."

"Naelewa, pole. Ila mke hana mstari."

Nikacheka. Nasema kweli, nilicheka, nikidhani ni mzaha, na wale kumi na mmoja wakacheka kidogo kwa adabu, na mimi kwa kucheka nikawa nimekubali. Hilo nalijutia kuliko kutoka uani. Uani nilitoka sijui. Pale nilijua, nikacheka.

Kumbe hatukuwa mmoja wa kuingia kitini. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mtu wa viatu vizuri, aliyeitwa akiwa ameacha duka la vitambaa. Wakatia vijiwe viwili kibuyuni, cheupe na cheusi, wakaomba kwa muda mrefu, wakatikisa. Kikaruka cheupe, cha mwenzangu. Akafunuliwa kile kiti, akaketi, wakamkumbatia. Mimi Erasto akanishika bega.

"Usivunjike moyo, ndugu. Wewe utakuwa mtume wa akiba."

"Ndiyo nini?"

"Mmoja wao akianguka, tunakuita. Kaa pale kwenye benchi. Usiende mbali."

"Nyumbani si mbali. Niende nikamwambie mke wangu, kesho tuna safari ya kwa daktari."

"Ukienda, halafu kiti kikawa wazi? Yule aliyegeuka nyuma unamkumbuka?"

Namkumbuka, yule mwanamke aliyegeuka nguzo ya chumvi. Walitusimulia na huyo pia. Nikakaa.

Benchi lile. Sijui niseme vipi ili mtu aelewe. Nilikaa siku tatu, na ndevu zangu zilikaa miaka saba. Watu walipita wakaniita kwa majina ya watu wengine nami nikaitika, maana mtu wa akiba hana jina lake, anangoja la mwenzake liishe. Kuna wakati niliona tuko watatu pale: mimi, na mimi nilivyotoka nyumbani na masizi mikononi, na mzee mmoja mwenye pua yangu aliyekuwa amelala mdomo wazi. Sikumwamsha. Niliogopa ataniuliza tumengojea nini. Mchana ulikuwa unakuja na kurudi bila kufikia jioni, kama mtu aliyesahau kitu. Na mimi nilikuwa nawaombea watu kumi na wawili waanguke. Hebu fikiria. Mtu ameacha mke anakohoa damu ili aje aombee wenzake mabaya, na hiyo inaitwa subira. Wakubwa walipita wakanisifu kwa subira yangu. Mmoja alinipa kipande cha mkate.

Siku moja, na hii kweli sijui siku gani, nilinusa moshi wa kuni za kwetu, nikainuka, nikaenda. Hakuna aliyenizuia. Miaka yote ile hakuna aliyekuwa ananizuia.

Nilikuta uani pamefagiliwa na jirani yetu, mama mmoja anaitwa Tirza, mjane kabla yangu. Vyungu vimefunikwa vinatazama chini. Hakulia aliponiona. Aliniletea kigoda.

"Keti, shemeji."

"Yuko wapi?"

"Yuko upande wa juu, pasipo chumvi. Tulichimba pale ili udongo usimle haraka. Ni mvua ya pili hii."

"Alipata kwenda kwa daktari?"

"Angekwendaje? Alikuwa anakungoja."

"Alikasirika?"

Tirza akafikiri. "Hapana. Hilo ndilo lililotuchosha. Tungemwambia, dada, huyo mtu amekukimbia, twende kwa daktari tukubebe. Anasema, hapana, amekwenda kunisikilizia. Atarudi kuniambia yule mgeni anataka nini. Nikienda kilimani akarudi asinikute, je?" Akanitazama. "Kwa hiyo, shemeji. Alikuwa anataka nini?"

Nilikuwa nimekaa miaka saba kwenye nyumba yake yule mgeni, nimekula mkate wake, nimejua majina ya viti vyote, na sikuwa na jibu la kumpa jirani.

Pale ndipo niliposhikwa na kitu ambacho mpaka leo hakijaniachia. Nilitaka kujua jambo moja tu: niliitwa, au sikuitwa? Kama niliitwa, basi Damari ni gharama, na gharama ina anayedai. Nitagombana naye siku nikimwona, lakini nitajua ugomvi wetu unahusu nini. Kama sikuitwa, basi nilimwacha mke wangu afe kwa sababu ya mkono ulioinuliwa barabarani. Nikarudi kwenye nyumba ya viti. Sikurudi kukaa. Nilirudi kuuliza.

Sikupitia kwa Erasto. Nilizunguka nyuma, kwenye mabirika, walikokuwa wanafuliwa kanzu zao. Palikuwa na mwanamke mmoja, Persisi, mikono imechubuka kwa sabuni. Nilimjua kwa sura tu. Miaka yote alikuwa anapita mbele ya benchi na beseni kichwani. Nilipomwambia mimi ni wa mji wa chumvi, akaacha kufua.

"Wewe ndiye uliyetoka na masizi."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa nyuma, nimebeba sufuria la kupikia hawa. Mwenye sufuria haonekani, lakini anaona."

"Basi niambie. Aliniita mimi?"

Akakamua kanzu aliyokuwa nayo, polepole, mpaka tone la mwisho. Niliona hataki.

"Kaka, hayo ya nini sasa?"

"Niambie."

"Njiani pale wasichana wa uwandani walitugawia chumvi. Aliionja. Akauliza nani ameipata hii, wakamwambia kuna mama mmoja anaujua udongo kwa ulimi. Akasema, nipelekeni kwake. Tukaja mpaka kwenu. Akaita." Akaitundika kanzu. "Ukatoka wewe."

"Yeye alisemaje?"

"Hakusema. Alikutazama, akatazama tena mlango. Hawa wakubwa wakakushika mkono, wakasema haya, mwanamume mwingine, amepatikana, twende. Wakaondoka na wewe. Mimi nilibaki nyuma kwa ajili ya uzito. Yeye alibaki amesimama pale pale barabarani. Nilimwacha hapo. Jua lilikuwa limegeuka, bado anatazama mlango."

"Kwa nini hakuita tena?"

"Sijui, kaka. Labda alikuwa anangoja urudi ndani umwambie."

"Na wewe? Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani?" akasema, bila hasira. "Nilisema. Nilimwambia mmoja wao. Aliniambia nitazame sufuria."

Nimefikiri sana juu ya watu hawa kumi na wawili. Zamani nilidhani ni waongo. Ingekuwa nafuu. Mwongo anaujua ukweli, unaweza kumbana akautema. Hawa hawajui. Wamekaa katika viti wakilinda sauti ambayo hawakuisikiliza mpaka mwisho, na kwa kuwa hawakuisikiliza mpaka mwisho wameijazia wenyewe. Nani atoke, nani akae, nani ana mstari. Kisha najiuliza, na hapa ndipo uchungu wangu unapogeuka na kunitazama mimi: walinibeba kwa nguvu? Hapana. Nilitoka kwa miguu yangu. Nilikuwa mlinzi wa mlango ule kabla yao. Kama wao ni kumi na wawili, mimi nilikuwa wa kumi na tatu, na ofisi yangu ilikuwa uani kwangu. Nimewalaumu na nitaendelea kuwalaumu, wanastahili. Lakini nikimaliza, kuna mtu mmoja anabaki hajalaumiwa, na ana masizi mikononi.

Nikaingia mbele, sikubisha. Wote walikuwa wamekaa, isipokuwa kiti kimoja kilikuwa kimefunikwa tena. Yule wa viatu vizuri alikuwa ameanguka, kwa ugonjwa au kwa nini, sikuuliza. Erasto akasimama akiwa ameshafungua mikono.

"Ndugu Yairo. Tulikuwa tunakutafuta. Siku yako imefika."

"Nimekuja na swali."

"Utauliza ukiwa umeketi. Mtume anauliza akiwa kitini." Akavuta kitambaa. Kiti kilikuwa kizuri, mti mwekundu, kina mahali pa kuwekea mikono. "Zamu hii hakuna vijiwe. Ni wewe."

"Aliyeitwa ni mke wangu."

Mmoja wao, mwenye kikofia, akasafisha koo. Erasto akashusha sauti, akanisogelea kama daktari.

"Ndugu yangu, wewe umefiwa. Tunajua. Aliyefiwa husikia mengi. Lakini tazama: hata kama, nasema hata kama, yeye hayupo tena. Wewe upo. Kiti kipo. Itafaa nini kuanza kuwachanganya watu? Keti. Tutaandika na yeye. Tutamtafutia mstari."

Mnajua nilitaka? Nitasema bila kuficha, kwa kuwa sina tena wa kumficha. Nilitaka kuketi. Magoti yalikuwa yananiuma, na kiti kilikuwa cha ukubwa wangu, na wangeandika jina lake, Damari, kwa wino, mahali ambapo hata mke wa mkubwa wao hakuandikwa. Ningekaa pale na ningelala vizuri. Watoto wa watu wangejifunza kwamba mpika chumvi aliacha chungu, mara hiyo hiyo, na mke wake mwema akamruhusu. Nilinyoosha mkono nikashika mgongo wa kile kiti. Mti ulikuwa wa moto, kama kitu kilichoachwa juani.

Kisha nikaona kwamba nikiketi, nitakuwa nimetoka tena mahali pake. Mara ya pili. Na mara hii nikijua.

Nikauachia. Nilikuwa nimekuja kuuliza kama niliitwa, na swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa kwenye mabirika ya kufulia. Nililokuwa nalo sasa lilikuwa ni lile la Tirza, au tuseme la Damari mwenyewe, alilolingojea mvua zote zile bila kukasirika. Niliwatazama mmoja mmoja, kumi na mmoja na katibu wao. Nikauliza kwa sauti ya kawaida, kama mume aliyetumwa na mkewe barabarani, na mpaka leo ninapoandika hakuna aliyefungua kinywa:

"Kazi aliyokuja kumpa Damari ilikuwa kazi gani, na tangu siku ile nani anaifanya?"